Nakshi Huja Mwisho

Mtu akiniletea mkanda wa koncho na kuniuliza kama ni kazi nzuri, siutazami usoni. Naugeuza. Usoni kila kitu kimepambwa na kung'arishwa. Mgongoni ndiko unakoona kama lehemu ilitiririka vizuri au ilirundikwa, kama muhuri ulipigwa mara moja au ulirudiwa kwa kubahatisha, na kama tumbo la kibamba lilitokezwa polepole au lilikung'utwa kwa pupa. Tabia hii niliambukizwa na mzee mmoja wa Kinavajo, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, aliyenifundisha kazi, na sasa siwezi kuiacha hata ninapoalikwa chakula kwa watu: nageuza sahani.

Koncho, kwa asiyeijua, ni kibamba cha fedha cha duara au cha umbo la yai, kilichotiwa tumbo kidogo, chenye ukingo wa mawimbi na nakshi usoni. Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, huzipanga kwenye ukanda wa ngozi. Wachunga ng'ombe huzitia kwenye tandiko la farasi, kwenye hatamu na kwenye utepe wa kofia. Ukiwa umewahi kutazama filamu ya makauboi umeziona, ila hukujiuliza zimetengenezwaje.

Mimi nilizikuta Albuquerque, New Mexico, mji ulionipokea kwa ajili ya riziki. Nilikulia Lamu, na ami yangu alikuwa sonara: pete, vikuku, vipini, mara nyingine kazi ya kukarabati tu. Utotoni nilipuliza moto na kushika koleo, lakini sikuwahi kuitwa fundi, wala sikustahili. Nilipoingia kwa mara ya kwanza katika karakana ya watu wa New Mexico, kilichonishangaza ni jinsi nilivyoielewa harufu yake kabla sijaelewa lugha: boraksi inayochemka juu ya chuma chekundu, ngozi, na ile harufu kali kidogo ya fedha iliyotoka kwenye tindikali.

Kuna jambo lingine lililonifanya nijione jamaa badala ya mgeni. Ami alikuwa akiyeyusha riale za Maria Theresa, zile zenye tarehe ya 1780 hata kama zimepigwa juzi. Kila moja ina uzito wa gramu 28 na ushei, na fedha yake ni sehemu 833 kwa 1000. Wafua fedha wa Kinavajo nao walianza na sarafu: dola za Marekani, gramu 26.73, fedha 900 kwa 1000. Na mwishoni mwa karne ya 19, sheria ya Marekani ilipokaza kuhusu kuharibu sarafu zake, wakaelemea zaidi kwenye peso za Mexico. Bahari mbili zinatutenganisha, na bado babu zao na babu zetu waliketi mbele ya moto wakiyeyusha sura za wafalme na matai wa watu wengine.

Mzee alinianzisha na koncho ya zamani kabisa, ile isiyo na lehemu. Anayetajwa zaidi kuwa mfua fedha wa kwanza wa Kinavajo ni Atsidi Sani, ambaye kwanza alijifunza kufua chuma kwa fundi Mmexico, akitengeneza lijamu za farasi. Baada ya Diné kurudi kwao mwaka 1868 kutoka Bosque Redondo, walikofungiwa na jeshi la Marekani tangu 1864, kazi ya fedha ilisambaa miongoni mwao. Kulehemu kulikuwa bado kugumu kwa zana walizokuwa nazo, hivyo koncho za awali zina tundu la umbo la almasi, yaani pembe nne lililosimama kwa ncha, katikati, na kijiti cha fedha kimeachwa kikikatiza lile tundu. Ngozi hupita chini ya kijiti hicho. Hakuna kilichoungwa. Walipoimudu lehemu, tundu likazibwa, kitanzi cha shaba kikaungwa mgongoni, na uso mzima ukapatikana kwa nakshi. Feruzi, lile jiwe la rangi ya bahari, lilikuja baadaye.

Kwa nini uanze na ya zamani? Kwa sababu haina pa kujificha. Hakuna jiwe la kufunika katikati palipopinda. Ukikata almasi yako upande, kila mtu anaiona, na ngozi ikipita inakaa upande pia. Mzee hakuyasema haya. Alinipa bamba na bikari akaenda kunywa kahawa.

Bamba lenyewe alilitaka nene, milimita moja au zaidi. Mabamba membamba aliyadharau kwa sauti ya kuugua, na historia ya dharau hiyo ni ndefu. Mwaka 1899 kampuni ya Fred Harvey, iliyoendesha mahoteli na mikahawa kando ya reli ya Santa Fe, ilianza kuagiza mapambo mepesi ya kuwauzia abiria, kwa kuwa mtalii hakutaka kubeba uzito ambao Mnavajo aliuvaa kama akiba yake. Tangu hapo kuna fedha ya kuvaa na fedha ya kuuzia treni. Mzee angeweza kukipima kibamba kwa kukiangusha juu ya meza na kusikiliza.

Sasa nije kwenye kulegeza. Fedha ukiigonga inakuwa ngumu. Ukiendelea kuigonga inapasuka. Lazima uichome ilegee, kisha ugonge tena, kisha uichome tena. Fedha tunayotumia ni ile ya 925, yaani sehemu 75 zilizobaki ni shaba, na huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Kulegeza kunataka 600 na kitu. Nafasi kati ya kulegea na kuharibika ni ndogo, na kipimo chake ni jicho. Unatafuta wekundu hafifu kabisa, wa aina ambayo huuoni kwenye mwanga. Ndiyo sababu ami alifungia kazi kwenye chumba cha giza, na sisi watoto tukidhani anaficha siri. New Mexico jua lake ni kali kupita kiasi, na wanaopuliza moto karibu na dirisha huchoma fedha kila siku bila kujua: wanasubiri wekundu ambao jua limeumeza, na wanapokuja kuuona, uso umeshaanza kukunjamana. Anayeanza achore mstari kwa kalamu ya wino mweusi juu ya bamba; ule mstari ukififia, toa moto. Mimi hadi leo nauchora ninapokuwa nimechoka.

Baada ya moto huja tindikali ya kuondoa weusi. Ami alitumia ndimu na chumvi kwenye sufuria ya shaba. Hapa wanatumia unga wa sodiamu baisalfeti, uleule unaotiwa kwenye mabwawa ya kuogelea, ukiwa vuguvugu ndani ya chungu cha umeme ambacho hakitapikiwa tena. Usiingize koleo la chuma humo. Chuma kikigusa maji hayo, shaba iliyoyeyuka ndani yake inarukia fedha yako, na koncho inatoka na wekundu wa ngozi iliyoungua. Tumia koleo la shaba au la mti.

Watu wakiniuliza nilijifunza nini kikubwa, huwa wanatarajia niseme mikono, subira, au roho ya jangwa. Nilijifunza kutengeneza mihuri. Kazi ya koncho za Kinavajo kwa sehemu kubwa si ya kuchora. Ni ya kupiga mihuri ya chuma cha pua juu ya fedha bapa. Na muhuri haununui, au unaweza kununua lakini mzee atakutazama. Unachukua tupa iliyokwisha makali au kipande cha nondo nzuri ya pua, unakilegeza kwenye moto, unakipoza polepole, kisha unakata umbo lako kichwani mwake kwa tupa ndogo na patasi: nusu mwezi, pembetatu yenye mistari, jani, mshale. Umbo likiwa tayari unakichoma hadi kiwe chekundu cha cheri na sumaku isikishike tena, unakichovya kwenye mafuta. Sasa ni kigumu kama kioo, na kama kioo kitavunjika. Unakisugua kiwe cheupe, unakipasha tena taratibu hadi rangi ya majani makavu ianze kutembea kuelekea kichwani, na hapo unakikomesha. Ukichelewa rangi ikawa ya buluu, umekilainisha mno na makali yatalala baada ya mapigo machache.

Mtu mwenye mihuri kumi mizuri anaweza kufanya mamia ya koncho zisizofanana. Mtu mwenye mihuri mia ya dukani hufanya koncho moja tu, na kuirudia. Haya ni maoni yangu na najua wapo watakaobisha.

Kupiga kwenyewe ni kwa pigo moja. Ukirudia, muhuri unasogea unywele mmoja na alama inakuwa na kivuli. Muhuri mkubwa unataka nyundo nzito. Mdogo, nyundo ndogo. Unakunja karatasi ya duara mara tatu upate sehemu nane, unazihamishia kwenye bamba kwa bikari, na unaanza kutoka katikati. Fedha chini ya muhuri haipotei, inasukumwa pembeni, kwa hiyo duara ulilochora linabadilika kadiri unavyopiga. Ndiyo maana ukingo wa nje hukatwa baada ya mihuri kupigwa. Nimewaona wanafunzi wakikata duara safi kabisa, wakalisugua kwa msasa kwa upendo, kisha wakapiga mihuri na kubaki na kitu cha umbo la kiazi.

Kutia tumbo huja baada ya hapo. Kibamba kinawekwa kichwa chini juu ya gogo lililochimbwa shimo la kina kifupi, na kugongwa kutokea nyuma kwa nyundo ya kichwa cha mviringo. Wengi hutumia kipande cha madini ya risasi badala ya gogo, kwa sababu risasi inapokea umbo. Mimi natumia gogo. Vumbi la risasi likibaki mgongoni mwa fedha na wewe ukaipeleka kwenye moto, linaila fedha na kuacha vishimo ambavyo hakuna msasa utakaoviondoa. Ukishikilia kutumia risasi, tandika ngozi katikati na uoshe kibamba kabla ya moto wowote.

Hadi hapa nimeeleza upande mmoja tu wa ufundi huu. Upande wa pili niliupata kwa fundi matandiko, mtu wa kizazi kingine na kabila jingine, aliyekuwa akipamba matandiko ya wapanda farasi wa maonyesho. Huku hakuna mihuri mingi. Nakshi inakatwa kwa burini, patasi nyembamba yenye mpini unaokaa kiganjani, na mitindo yake ni majani yanayojikunja na maua. Mabingwa wa kazi hii wanatajwa kwa heshima, akiwemo Edward Bohlin, mzaliwa wa Uswidi aliyewatengenezea matandiko ya fedha waigizaji wa Hollywood.

Cha kwanza alichonivunjia huyu fundi ni mpangilio. Kwa Wanavajo unapiga nakshi likiwa bapa, kisha unatia tumbo. Kwa burini ni kinyume: tumbo kwanza, nakshi baadaye. Sababu iko kwenye mwanga. Muhuri unaacha bonde lenye kuta za mviringo, na nyundo ya nyuma hailidhuru sana. Burini inaacha mkato wenye ubavu unaong'aa kama kioo, na mng'ao huo ndio nakshi yenyewe. Jani halionekani kwa sababu limechorwa, linaonekana kwa sababu ubavu wake unarudisha mwanga ukigeuza kiganja. Ugonge kidogo tu kutokea nyuma, na ule ubavu unapata michubuko, mwanga unakufa.

Na mng'ao hautoki kwenye mkono. Unatoka kwenye kisigino cha burini. Uso wa mbele unanolewa kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Chini yake panatolewa kisigino kidogo cha nyuzi 15 hadi 20 ili burini iinuke na iweze kupinda. Kisigino hicho ndicho kinachosugua ndani ya mkato kikipita, na vyovyote kilivyo ndivyo mkato utakavyokuwa: kikiwa na mikwaruzo ya jiwe, kila mkato utakuwa na mikwaruzo. Kwa hiyo unakinoa kwenye jiwe la almasi, kisha unakipitisha kwenye kauri laini hadi kiwe kioo. Jaribio ni ukucha: weka ncha juu ya ukucha wa gumba bila kusukuma. Iking'ang'ania, iko tayari. Ikiteleza, rudi kwenye jiwe.

Nadhani nusu ya muda wangu wa nakshi ni kunoa. Zamani niliona ni usumbufu unaonichelewesha kufika kwenye kazi.

Mkono wa kulia wenyewe hufanya machache. Kinachozunguka ni kazi, si burini. Kibamba kimekazwa kwenye jiliwa ya duara inayozunguka juu ya mto wa ngozi, na mkono wa kushoto unaigeuza kuelekea kwenye ncha. Jani linalojikunja hupatikana kwa kugeuza jiliwa kwa mwendo usiokatika. Ukisimama katikati, pale uliposimama pataonekana daima. Unaanza na uti, mstari mmoja unaojikunja kama konokono, na uti ukikosa pumzi hakuna jani litakalouokoa. Fanyia mazoezi kwenye shaba nyekundu, ambayo bei yake ni nafuu kuliko fedha. Fedha iliyotoka kulegezwa ni laini mno na hushika burini kama ubani uliotafunwa. Ile iliyokuwa ngumu kidogo kwa nyundo inakatika kwa usafi. Hapa ndipo mapigo ya kutia tumbo yanapokulipa.

Wengi siku hizi wana mashine ya hewa inayosukuma burini kwa mapigo madogo ya haraka. Sina ugomvi nayo, inaokoa mkono wa mtu mzima. Lakini burini butu inabaki butu hata ikisukumwa na upepo.

Ukimaliza nakshi, usiipeleke kwenye gurudumu la kung'arisha. Watu wanashindwa kujizuia hapa, kwa kuwa macho yanataka kuona ikimeremeta yote. Gurudumu linakula kingo za mikato, na kilichokuwa jani kinakuwa kama kimenyonywa. Ng'arisha kabla. Baada ya nakshi, tia weusi wa salfa kwenye mabonde, futa juu kwa kitambaa, basi.

Kuuza ndiko kulikonipa mawazo zaidi kuliko moto. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayokataza kuuza kitu kwa namna inayodai au kudokeza kuwa kimetengenezwa na Mhindi Mwekundu wakati si kweli, na adhabu ya kosa la kwanza kwa mtu binafsi inaweza kufika faini ya dola 250,000 au kifungo cha miaka mitano. Mimi ni mtu mweusi mwenye ndevu na kofia ya kufuma, hakuna atakayedhani ni Mnavajo. Lakini koncho yangu ikitoka mezani pangu inakwenda bila sura yangu. Ikifika kwa mchuuzi wa pili au wa tatu, nani atakumbuka? Nilimuuliza mzee kama yale aliyonifundisha ni yangu kuyauza. Akanijibu, “Mjukuu wangu, nyundo haina mwenyewe. Mihuri yangu ina mwenyewe.” Sikuhitaji maelezo zaidi. Koncho za mtindo wa kwanza, zile za almasi na kijiti, nazifanya kwa kujifunza na zinabaki droo. Siziuzi.

Ninachouza kimetoka kwingine. Milango ya Lamu na Unguja ina fremu za kuchonga: mnyororo unaozunguka pembeni, waridi la duara juu, mayungiyungi, magamba ya samaki chini. Waridi lile la mlango limekaa ndani ya duara tangu mwanzo, na koncho ni duara. Nilipolichora kwa bikari juu ya bamba nililiona limekaa bila kulazimishwa, petali nane kutoka kwenye mikunjo ileile mitatu ya karatasi. Mnyororo unafaa ukingoni mahali pa mawimbi. Nimelitengenezea mihuri yake mwenyewe kutoka kwenye tupa kuukuu, na majani ya katikati nayakata kwa burini baada ya kutia tumbo. Wapo wanaoona haya ni mchanganyiko usio na adabu. Wapanda farasi wa hapa hawajali. Wao wanauliza kama itang'oka farasi akijisugua kwenye mti.

Haitang'oka, ikiwa umeichagulia kifungio sawa. Kwa mkanda naunga kitanzi cha shaba mgongoni na ngozi inapita ndani yake. Kwa tandiko naunga kikombe chenye nyuzi za skrubu, skrubu inaingia kutokea nyuma ya ngozi, na tone la gundi ya skrubu linaizuia kulegea. Kitanzi kinaungwa kabla ya nakshi ya burini, kamwe si baada yake, kwa sababu moto utakirudisha kibamba kwenye ulaini na kuukausha mng'ao wote. Nyuma, karibu na kitanzi, napiga 925, herufi zangu, na jina la Lamu kwa herufi ndogo. Mteja akinipigia simu kuuliza aisafisheje, namwambia aivae.